Saa isiyoonekana ndani ya simu: resoneta za sauti hurekebishwaje?

Simu ikianguka sakafuni huenda kioo chake kikabaki kizima, lakini ikakataa kabisa kushika mtandao. Fundi simu, awe wa Bwiza au wa mtaa mwingine wa Bujumbura, ana sababu ya kukishuku kipande kimoja kidogo kuliko punje ya mchele: saa ya simu. Saa hiyo haionyeshi adhuhuri wala magharibi. Kazi yake ni kutoa mdundo wa umeme ambao sehemu zote za simu huufuata, na ambao huiwezesha kusikilizana na mnara.

Mdundo huo hutoka katika osileta, yaani sakiti inayotetema bila kukoma. Moyo wake ni resoneta ya sauti: kipande cha madini kinachotikisika kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia.

Kutoka jiwe hadi saa

Msingi wa elimu hii uliwekwa Ufaransa mwaka 1880, pale ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walipogundua kwamba madini kama kwatzi hutoa umeme yanapokandamizwa. Mwaka uliofuata walithibitisha pia kinyume chake: yakipewa umeme, hujikunja na kujinyoosha. Mwaka 1921 Walter Cady wa Marekani alitumia kwatzi kutawala mdundo wa osileta, na mwaka 1927 Warren Marrison wa maabara za Bell akaunda saa ya kwanza ya kwatzi. Katika saa za mkononi, kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde.

Simu huhitaji kasi kubwa zaidi. Simu nyingi hutumia kwatzi ya megahezi 26, yaani mitikisiko milioni 26 kwa sekunde, kisha sakiti nyingine huuzidisha mdundo huo hadi kufikia masafa ya mtandao.

Kwa nini kwatzi haitoshi?

Kuzidisha kuna gharama. Kila mdundo huwa na mtikisiko wake mdogo usiotakiwa, ambao wataalamu huuita kelele. Mdundo ukizidishwa mara 100, nguvu ya kelele hiyo huongezeka mara 10,000. Katika mitandao ya kasi na nyaya za nuru, kelele hiyo huleta makosa katika data.

Njia mojawapo ya kuikwepa ni kuanza na mdundo ulio juu tangu mwanzo. Hata hivyo, masafa ya resoneta ya aina hii hutegemea unene wake: kadiri kipande kinavyokuwa chembamba, ndivyo kinavyotetema haraka. Kwatzi ya megahezi 26 ina unene wa takriban maikromita 64. Ili ifike gigahezi 2.5, ingelazimu ichongwe hadi chini ya maikromita moja, nayo ingevunjika upesi.

Badala ya kuchonga jiwe, wahandisi hutandaza utando wa naitraidi ya alumini juu ya silikoni. Katika madini haya sauti husafiri takriban mita 11,000 kwa sekunde, hivyo utando wa karibu maikromita mbili hutosha kwa gigahezi 2.5. Utando huo huachwa juu ya uwazi, au hulazwa juu ya tabaka zinazorudisha sauti kama kioo kinavyorudisha nuru, ili nguvu yake isipotee. Kampuni ya Agilent ilianza kuuza vichujio vya simu vya aina hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2019 Texas Instruments nayo ilitangaza chipu za saa zenye resoneta kama hizo ndani yake.

Namna ya kurekebisha

Tatizo ni usahihi. Kanuni za kimataifa huutaka mnara mkubwa usikosee masafa yake zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni. Katika masafa ya megahezi 900, hizo ni hezi 45 tu. Simu nayo hupima mawimbi ya mnara, kisha hurekebisha saa yake isitofautiane nayo zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni.

Utando wa naitraidi ya alumini usiokingwa hupoteza takriban sehemu 25 hadi 30 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Chipu iliyopata joto la nyuzi 20 zaidi juani ingekosea kwa sehemu 500 au zaidi. Dawa ya kwanza ni kuongeza tabaka la oksidi ya silikoni, ambalo hubadilika kinyume na utando na hivyo kupunguza kosa.

Dawa ya pili ni kapasita zinazowashwa na kuzimwa, au zinazobadilishwa kwa volti, huku kipimajoto kikiongoza marekebisho. Kapasita huvuta masafa kati ya mipaka miwili ya asili ya resoneta. Katika kwatzi nafasi kati ya mipaka hiyo ni takriban asilimia 0.2, katika naitraidi ya alumini hufikia asilimia 2 hadi 3.

Lakini upana huo una bei yake. Kadiri osileta inavyovutwa kwa wepesi, ndivyo kelele ya volti inayoiongoza inavyoingia katika mdundo, na kapasita zenyewe hula sehemu ya nguvu ya mtikisiko. Kwa hiyo mbunifu hodari huacha nafasi ya kutosha kufidia joto, uzee wa chipu na tofauti za kiwandani, bila kuzidisha.

Kwatzi haijastaafu: kwa uthabiti wa muda mrefu bado ni vigumu kuishinda. Mara nyingi hizo mbili hushirikiana, kwatzi ikishika majira na utando ukitoa mdundo safi wa kasi.