Uganda: Kozi ipi ya afya? Mambo ya kupima kabla ya kujaza fomu ya chuo

Katika Kiganda, neno "musawo" humhusu daktari bingwa wa Mulago, muuguzi wa kituo cha afya kijijini, hata muuza dawa wa mtaani. Kiswahili nacho hakijanusurika: mgonjwa anapomwita mtu "daktari", mara nyingi anamwita afisa tabibu au muuguzi. Lugha hiyo ya heshima haina ubaya wodini. Lakini kijana anayemaliza kidato cha sita na kusema "nataka kuwa daktari" huwa hajasema bado anataka kazi gani, na fomu ya kuomba nafasi chuoni haina kisanduku kiitwacho musawo.

Nchini Uganda, tofauti na Marekani, mwanafunzi hasomi kwanza shahada ya jumla ndipo aingie shule ya tiba. Anayekubaliwa kusomea udaktari huanza moja kwa moja baada ya mtihani wa UACE, na huusomea kwa miaka 5. Kwa hiyo uamuzi hufanywa mapema zaidi, na kwa kweli huanza pale mwanafunzi anapochagua masomo yake makuu matatu. Asiyechukua Biolojia na Kemia katika kidato cha tano amekwisha kujifungia mlango wa udaktari, hata akija kupata alama za juu kabisa katika masomo mengine.

Jambo ambalo familia nyingi hulielewa kwa kuchelewa ni namna alama zinavyopimwa. Katika somo kuu, A huhesabiwa 6, B 5, C 4, D 3 na E 2. Vyuo vikuu vya umma havijumlishi tu tarakimu hizo. Masomo ya lazima kwa kozi husika huzidishwa kwa 3, na somo linalofuata kwa umuhimu huzidishwa kwa 2. Kwa udaktari, Biolojia na Kemia ndiyo ya lazima, kisha huchukuliwa lililofanywa vizuri zaidi kati ya Fizikia na Hisabati.

Tuchukue wanafunzi wawili. Wa kwanza ana B katika Biolojia, B katika Kemia na C katika Fizikia. Wa pili ana C, C na A kwa mpangilio huohuo. Wote wawili wana jumla ya 14. Lakini kwenye mizani ya udaktari wa kwanza anapata 38 na wa pili 36, kabla ya kuongezwa alama ndogondogo za masomo ya ziada na za kidato cha nne. Tofauti ya 2 ni kubwa mno katika kozi ambayo ushindani wake huamuliwa kwa sehemu ya kumi ya alama. Tangu mwaka 1990 wanafunzi wa kike wanaoomba katika vyuo vya umma wameongezewa 1.5, na hilo pia huwa na uzito. Mwanafunzi wa pili hana matokeo mabaya. Ameyaelekeza tu kwenye kozi isiyoyathamini. Fizikia yake ingemfaa zaidi katika uhandisi wa vifaa tiba, fani inayoshughulikia mashine za hospitali, kuanzia za eksirei hadi za kupumulia.

Hapa majina ya kozi huponza wengi. Uhandisi wa vifaa tiba, sayansi za kibayolojia za tiba na teknolojia ya maabara ya tiba husikika kama ndugu, lakini kila moja humpeleka mhitimu mahali pake. Hakuna hata moja inayompa mhitimu leseni ya kumtibu mgonjwa. Afya ya mazingira, ambayo wengi huiita afya ya jamii, hufunza kuzuia magonjwa: maji safi, vyoo, ukaguzi wa vyakula, ufuatiliaji wa milipuko. Katika nchi iliyokabiliana na Ebola zaidi ya mara moja, hiyo si kazi ya daraja la pili. Hata hivyo, anayeiingia akidhani ni njia ya kando ya kufikia udaktari atapoteza miaka mitatu kabla ya kubaini kwamba sivyo.

Njia inayodharauliwa bila sababu ni ile ya stashahada. Maafisa tabibu husoma miaka 3 katika vyuo kama vile vya Fort Portal, Gulu na Mbale, na ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa huduma vijijini. Muundo wa afya wa Uganda unalionyesha hilo wazi. Ngazi ya kwanza ni timu za afya za kijiji, zisizo na jengo. Kituo cha daraja la pili huongozwa na muuguzi, na cha daraja la tatu huongozwa na afisa tabibu. Ni katika daraja la nne tu ndipo daktari anapotarajiwa kuwa mkuu, pamoja na chumba cha upasuaji. Anayetaka kuwa karibu na wagonjwa mapema, na ambaye nyumbani hakuna fedha za kumlipia miaka mitano, ana hoja nzito ya kuanzia hapo. Vivyo hivyo kwa uuguzi na ukunga: mwenye cheti hupanda hadi stashahada kwa mafunzo ya mwaka mmoja na nusu, na mwenye stashahada huweza kuomba kuingia shahada. Ngazi hiyo ni ndefu, lakini mtu huipanda akiwa anapokea mshahara.

Gharama ya muda nayo haiishii kwenye mahafali. Wahitimu wa shahada za udaktari, famasia, uuguzi na ukunga wanatakiwa kukamilisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Katika miaka ya karibuni, kupangiwa hospitali kumechelewa mara kwa mara, na posho ya watarajali imezua migomo. Mzazi anayepiga hesabu ya miaka 5, aliyeuza kipande cha shamba kwa hesabu hiyo, aongeze mwaka wa utarajali na miezi ya kusubiri. Kenya haijasalimika: mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza Machi na kumalizika Mei, ulihusu kwa sehemu kubwa malipo ya watarajali.

Kabla ya kulipa ada popote, kuna maswali mawili ya kuuliza. La kwanza ni iwapo Baraza la Taifa la Elimu ya Juu limeidhinisha kozi hiyo katika chuo hicho. Mwaka 2023 orodha ya baraza hilo ilizua taharuki baada ya kozi nyingi, zikiwemo za Makerere, kuonyeshwa kuwa muda wake umekwisha. Baraza lilieleza kwamba maana yake ni kuwa zilikuwa zinasubiri kutathminiwa upya. La pili ni iwapo baraza la taaluma husika, la madaktari, la wauguzi na wakunga, au la wataalamu wa afya shirikishi, huwasajili wahitimu wa chuo hicho. Jibu la "ndiyo" kwa swali la kwanza halitoshi. Mhitimu asiyesajiliwa na baraza la taaluma yake haruhusiwi kufanya kazi, na akivuka mpaka kwenda Kenya, Rwanda au Tanzania, usajili huo wa nyumbani ndio wa kwanza kuulizwa.

Kwa asiyepata ufadhili wa serikali, Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hutoa mikopo na huzipa kozi za sayansi kipaumbele. Mkopo hulipia ada ya masomo, ada za chuo na gharama za utafiti. Haulipii chakula wala malazi, na kwa mwanafunzi wa tiba, anayeshinda na mara nyingine kukesha wodini, hayo mawili ndiyo huwa magumu zaidi kuyapata kwa kibarua cha pembeni.