Mguu Kifundo na Ngoma za Burundi: Mtoto Asikalishwe Pembeni



Kila sikukuu inapofika hapa Bujumbura, iwe ni Idd, Maulidi au maonyesho ya ngoma za asili, hakosekani mtoto aliyekalishwa mkekani wakati wenzake wanacheza. Ukimuuliza mama yake, atakwambia: alizaliwa na mguu kifundo, ametibiwa, lakini tunaogopa usije ukapinda tena. Hofu hiyo tunaiheshimu. Ila tukiifuata historia ya matibabu haya, tutaona kwamba tunaogopa kitu kisichostahili kuogopwa.

Mguu kifundo ni unyayo uliopinda kwa ndani na kuelekea chini tangu tumboni. Duniani huzaliwa nao mtoto mmoja au wawili katika kila 1,000, wavulana wakiwa wengi zaidi. Si laana, wala si kosa la mama. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, maandiko ya Hippocrates wa Ugiriki yalieleza jinsi ya kuunyoosha polepole kwa mikono na vitambaa. Baadaye madaktari wengi waliuacha upole huo, wakatumia nguvu au upasuaji mkubwa.

Aliyeurudisha upole ni Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca nchini Hispania. Alitibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu waliopasuliwa utotoni, akakuta miguu imekakamaa na inauma. Ndipo akabuni njia yake: kuunyoosha mguu kidogo kidogo na kuufunga hogo jipya kila wiki, kwa wiki kama 5 hadi 8, mara nyingi kukata kidogo mshipa wa kisigino, kisha mtoto kuvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma.

Aliiandika njia hiyo mwaka 1963, lakini kwa miaka mingi wachache tu ndio waliomsikiliza. Mwaka 1995 yakatolewa matokeo ya wagonjwa wake waliokuwa wamekwisha kuwa watu wazima: 78 katika kila 100 walikuwa na miguu inayofanya kazi vizuri, na kwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida idadi ilikuwa 85. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jirani zetu wa Uganda walianza kuieneza, wakiwafundisha hata matabibu wasio madaktari.

Sasa tutazame ngoma zetu. Zamani ngoma za kifalme zilipigwa kwenye Umuganuro, sikukuu ya mtama, mbele ya Mwami. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma zikabaki, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Mpigaji huruka juu, hukanyaga, huzunguka. Tangu amri ya mwaka 2017 kuzipiga ni kazi ya wanaume, na wasichana wana nafasi katika kucheza na kuimba. Je, mguu uliotibiwa unaweza? Naam, kwa kawaida unaweza. Mtoto aliyetibiwa vizuri hutembea, hukimbia na kuruka. Huenda unyayo ukawa mdogo kidogo na shavu la mguu likawa jembamba. Basi tumtafutie kiatu kinachomkaa, na mwalimu wa ngoma aambiwe mapema amruhusu kupumzika akichoka.

Wazazi wenzetu, jambo la kuogopa ni usiku wa sikukuu. Viatu vya chuma huvaliwa saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo, kisha wakati wa kulala tu, hadi umri wa miaka 4 au 5. Kuviacha mapema ndiyo sababu kubwa ya mguu kupinda tena. Wageni wamejaa nyumbani, tunaona haya, tunasema "leo tumpumzishe." Leo inakuwa wiki, wiki inakuwa mwezi.

Kwa hiyo mchana tumwache mtoto acheze na wenzake. Usiku, hata kama wageni hawajaondoka, tumvalishe viatu vyake bila kuona haya. Na tukiona kisigino kinaanza kuinuka au unyayo unarudi ndani, tumrudishe kwa tabibu mapema.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Wabillahi tawfiq.