Ulimbo, si "Wizi wa Data Binafsi"

Juzi jirani yangu wa Mtaa wa Kongo, muuza vitenge, alinisogezea simu. Barua pepe: nembo ya benki yake, rangi zilezile, "Ndugu mteja, akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24." Katika anwani ya aliyeituma, palipopasa kuwa na herufi o palikuwa na sifuri. Mchezo huo, kwa hisani ya waheshimiwa wa kamati fulani, tunatakiwa tuuite "wizi wa data binafsi".

Wizi? Mwizi huchukua. Huyu hupewa, tena na mwenye mali mwenyewe. Maneno yote manne hayo yanataja hasara, kitendo hakimo.

Wapo wanaopigania "chambo", kwa kuwa Wamarekani wa miaka ya 1990 walilitwaa neno lao la uvuvi, "fishing", wakalianzisha kwa ph, kwa kuwaiga wadukuzi wa simu. Sawa, lakini ni lazima tuvue wanakovua wao? Chambo ni kitamu; samaki hukifuata kwa tamaa. Hiyo ni "umeshinda zawadi". Muuza vitenge hakutamani kitu, aliogopa.

Mimi nasema ulimbo. Aliyekulia jirani na mfenesi anaujua: utomvu mzito, unapakwa kijitini, kijiti kinawekwa palepale chiriku alipozoea kutua. Hapana punje, hapana mdudu. Ndege anatua kwenye tawi analolijua, na kila akipapatika anazidi kunata. Basi: ulimbo wa benki, kutega ulimbo, kunaswa ulimboni. Nililipeleka kikaoni likaitwa neno la watoto wa shamba. Aliyesema hivyo ni bingwa wa "nywila" (neno la siri), ambayo sijaisikia Kariakoo hata siku moja. Na Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lililopitishwa na midomo ya watu, bila ajenda wala posho.

(Kwa haraka: benki haikuombi namba ya siri kwa barua pepe, soma anwani herufi kwa herufi, usibonyeze kiungo, piga namba iliyo nyuma ya kadi.)

Nilimweleza jirani haya yote. Akakunja kitenge, akasema, "Mzee wangu, sisi hapa tunasema umepigwa." Nalikubali. Ila mtu husema amepigwa hela ikishaondoka. Mimi natafuta neno la kumwambia kidole kikiwa bado hakijagusa kioo.