Kiswahili Kilicholelewa Mgodini: Historia ya Lubumbashi

Mwulize mtahiniwa yeyote jinsi Kiswahili kilivyoenea bara, naye atakutajia misafara ya biashara, wamishenari na serikali za kikoloni. Mgodi aghalabu hautaji. Ndiyo maana nakualika tuutazame mji wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kwanza ya watu ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari.

Wabelgiji waliuanzisha mji huo mwaka 1910, reli kutoka Rhodesia ilipofika, wakauita Élisabethville kwa jina la malkia wao. Si wao waliogundua shaba. Wenyeji walikuwa wakiiyeyusha na kuimimina katika umbo la msalaba karne nyingi kabla yao. Wala Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa, kwani Msiri, mtawala mwenye asili ya Unyamwezi aliyeuawa mwaka 1891, alifanya biashara na watu wa pwani. Hata hivyo, mji wenyewe ulikuwa wa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwasha tanuri lake hapo mwaka 1911. Dohani yake ndefu na kilima cheusi cha masalia ya tanuri ndizo alama za mji hadi leo. Wazungu walikaa upande wao na Waafrika upande wao, katikati pakaachwa eneo tupu. (Mtaa mmojawapo wa Waafrika unaitwa Kenya, mwanafunzi akikutana na jina hilo asidhani ni kosa la chapa.)

Wachimbaji wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia. Wabelgiji wakaingiwa na hofu ya Waingereza waliokuwa ng'ambo ya mpaka, na kampuni ikageukia Kasai na Ruanda-Urundi kutafuta vibarua. Johannes Fabian, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1986, anaonyesha kuwa kupewa nafasi Kiswahili kulihusiana na siasa hiyo. Isitoshe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliwahimiza wafanyakazi waje na wake zao, ikawapa nyumba na posho ya chakula. Watoto waliozaliwa kambini, baba Mluba, jirani Mbemba, walikua wakisema Kiswahili.

Usidhani basi kwamba lugha iliyopendelewa na bwana ilibaki kuwa ya bwana. Mnamo Desemba 1941, gharama za maisha zilipopanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Walipokusanyika katika uwanja wa mpira, askari waliwafyatulia risasi. Makumi waliuawa, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Sisi wa Mombasa, tunaokumbuka mgomo mkuu wa Januari 1947, hatuhitaji kufafanuliwa sana habari hizi.

Kwetu sisi walimu wa fasihi, hata hivyo, hazina kubwa ni kijitabu kilichoandikwa mjini humo mwaka 1965. Mwandishi wake, André Yav, alikuwa mtumishi wa nyumbani, na alikiandika kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa Wazungu. Jina lake ni la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, ila matini ni Kiswahili cha mjini humo. Ni historia ya mji ilivyoonekana kutoka jikoni: mabwana wanatajwa kwa majina ya kupangwa, na kazi inasimuliwa na aliyeifanya. Maneno yameunganishwa na kutenganishwa bila kufuata tahajia tuijuayo, hata Fabian, aliyekichapisha upya mwaka 1990, alihitaji kisomwe kwa sauti na mzungumzaji wa Kiswahili cha huko.

Je, tukipewa matini hiyo tuisahihishe, tungeipa alama ngapi? Humo "watu" ni "bantu" na "vitu" ni "bintu". Kalamu nyekundu ingekauka! Nami nauliza swali hili nikiwa hapa Magogoni, Kisauni, ambako mtoto wa Kimvita akiandika "ndia" badala ya "njia" huhesabiwa kosa, kwa uamuzi uliopitishwa papa hapa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Sikatai usanifu; mtihani ni mtihani. Ninachokataa ni kumfundisha mtahiniwa kwamba kisicho sanifu hakina fasihi wala historia.

Mji uliitwa Lubumbashi mwaka 1966, na kuanzia mwaka 1967 migodi ikawa ya serikali, chini ya shirika lililokuja kuitwa Gécamines. Mkoa wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Katikati ya miaka ya 1980 shirika lilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 hazikufika 50,000, na familia zilizozoea posho ya kampuni zikabaki zikijitafutia. Kile kilima cheusi nacho kimechimbwa upya karne hii, kwa ajili ya kobalti iliyoachwa ndani yake.