Ugonjwa wa Keshan: seleniamu na misuli ya moyo

Majira ya baridi ya mwaka 1935, wilaya ya Keshan katika jimbo la Heilongjiang, kaskazini-mashariki mwa China, ilikumbwa na ugonjwa uliofyeka familia za wakulima. Mgonjwa alishikwa na kichefuchefu, akatapika maji ya njano, kifua kikambana. Wengine walikata roho katika muda wa siku moja. Waliougua zaidi walikuwa wanawake wa umri wa kuzaa na watoto wadogo. Maiti zilipopasuliwa, mioyo ilionekana imetanuka na kujaa makovu.

Kwa miaka mingi watafiti walishuku maambukizi au sumu. Hata hivyo, ugonjwa haukuwashika watu wa mjini waliokula vyakula vya kutoka sehemu mbalimbali. Uliwaandama wanakijiji waliotegemea nafaka ya mashamba yao wenyewe. Ramani ya wagonjwa ilifuata ukanda wa udongo wenye madini ya seleniamu kidogo mno, kutoka Heilongjiang hadi Yunnan. Mwaka 1974, wilayani Mianning, jimbo la Sichuan, watoto walianza kupewa kila wiki vidonge vya chumvi ya seleniamu. Kati ya watoto 4,510 waliomeza vidonge hivyo waliugua 10. Kati ya 3,985 ambao hawakuvipata, 54. Ni nadra kipimo kidogo namna hiyo kuokoa maisha mengi kiasi hicho.

Mwaka mmoja kabla, maabara ya Wisconsin, Marekani, ilikuwa imegundua kwamba seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya cha glutathioni peroksidasi. Seli za moyo hazipumziki, na katika kuzalisha nguvu hutoa pia haidrojeni peroksaidi. Ikikutana na chembe za chuma, huzaa radikali huru zinazotoboa utando wa seli. Kimeng'enya hicho huigeuza kuwa maji kabla haijaleta madhara. Seleniamu ikikosekana, seli hufa. Na kwa kuwa seli za moyo hazigawanyiki ila kwa nadra, pengo huzibwa na kovu, zilizobaki hunenepa kwa kubeba mzigo, na moyo hutanuka.

Upungufu huo peke yake haukueleza kwa nini ugonjwa ulipanda na kushuka kwa misimu, kama maambukizi yafanyavyo. Katika miaka ya 1990, mtafiti Melinda Beck na wenzake walionyesha kuwa kirusi cha Coxsackie kisicho na madhara, kikiingia katika panya wenye upungufu wa seleniamu, hubadilika vinasaba na kuanza kushambulia moyo. Nchini China wagonjwa walipungua sana kadiri vyakula vya kutoka mbali vilivyofika vijijini, hata pale ambapo vidonge havikugawiwa.