Pareto ilipolipa karo

Ukipanda matatu Keroka kuelekea Sotik, kaa dirishani. Nyuma yako kuna vipande vya ardhi vilivyobanana kama abiria wa gari lenyewe: migomba, chai kidogo, mahindi, kaburi, nyumba, halafu ua wa jirani. Ukishapita Metamaywa, mambo yanafunguka. Unaona malisho, ng'ombe wa gredi, nyumba moja, kisha nafasi, kisha nyumba nyingine mbali huko. Umeingia Borabu. Wazee bado wanapaita "sikimu". Kaunti ni ile ile ya Nyamira, watu wengi ni Abagusii wale wale, na mvua haichagui.

Tangu shule ya msingi nimeambiwa kwamba shida yetu ni moja tu: tunazaa sana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 958 kwa kila kilomita mraba Kisii, na 675 Nyamira. Sibishani na hesabu hiyo. Lakini mwaka ule nilioacha chuo kikuu, nikarudi nyumbani na deni la karo na muda mwingi wa kukaa jikoni kwa nyanya, nilianza kuona kwamba hesabu hiyo inaruka jambo moja. Nyanya alikuwa na robo ekari tu, na robo ekari hiyo ilisomesha watoto watano, baba yangu akiwa wa tatu.

"Baba yako alisoma kwa maua," aliniambia. Nilidhani ni methali. Kumbe alikuwa anaongea kuhusu pareto.

Pareto ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, na asili yake ni Dalmatia, huko Kroatia ya leo. Ukilikausha ua hilo unapata dawa ya kuua wadudu isiyomsumbua sana binadamu. Masetla walilileta Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Zamani Japan ndiyo iliyoongoza kwa kuuza, lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipoifungia njia, majeshi ya Uingereza na Marekani yalihitaji dawa ya mbu kwa wingi, na mashamba ya wazungu Kenya yakapata soko la ghafla. Mwafrika alivuna kama kibarua. Ilibidi mpango wa Swynnerton uje mwaka 1954, wakati wa Mau Mau, ndipo serikali ya kikoloni ikafungua mlango kwa mapana ili wenyeji wapate hati za ardhi na mazao ya biashara.

Hapo ndipo Gusii ikang'aa. Pareto inataka baridi ya milimani, na sisi tunayo. Inataka pia mikono mingi. Ua linachumwa moja moja, unarudi tena baada ya wiki mbili au tatu, unalianika juani kwenye mkeka, unalikimbiza ndani mvua ikianza. Hakuna mashine. Setla mwenye ekari mia alihitaji jeshi la vibarua, lakini mama wa Kitutu mwenye robo ekari na watoto watano alikuwa na kila kitu. Ule wingi wetu tunaoambiwa ni laana, kwa pareto ulikuwa mtaji. Baada ya uhuru wakulima wadogo ndio walioibeba Kenya hadi ikawa inatoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia.

Na malipo hayakungoja mwaka mzima. Ulipeleka gunia sosaiti, likapimwa, likaandikwa kitabuni. Pesa zilikuja zikiwa zinafahamika, kabla shule haijafunguliwa. Nyanya anakumbuka siku ya malipo kuliko siku ya harusi yake. Anakumbuka pia kwamba kitabu kilikuwa na jina la babu. Yeye alichuma, watoto wakaanika, babu akaenda kupanga foleni na kofia yake. Nyakati nyingine alirudi na karo, nyakati nyingine alirudi ameimba njia nzima. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba ilikuwa paradiso.

Swali ni kwa nini robo ekari hiyo hiyo ilishindwa kunisomesha mimi.

Kwa sheria, mnunuzi alikuwa mmoja: Bodi ya Pareto, yenye kiwanda chake Nakuru. Maua ya milimani kwetu yalikamuliwa huko, na dawa ikauzwa ng'ambo, hasa Marekani. Mkulima hakujua bei ya dawa. Alijua bei ya kilo ya maua tu. Miaka ya 1970 wanasayansi wa Uingereza walitengeneza maabarani dawa zinazoiga zile za pareto, za bei nafuu na zisizoharibika haraka juani. Hilo lilikuwa pigo, lakini halikuua zao, maana dunia iliendelea kuitaka pareto ya asili. Kilichoua zao ni malipo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, bodi ilizama kwenye madeni, na wakulima wakangoja miezi, kisha miaka. Watu wa Kisii na Nyamira waling'oa. Soko halikufa. Tasmania kule Australia na majirani zetu Tanzania walichukua nafasi tuliyoiacha. Sheria ya kuruhusu wanunuzi binafsi ilikuja 2013, wakati kwetu mashina yalikuwa yameshageuka kuni.

Nyanya alipanda chai mahali pa maua. Chai ni zao zuri, lakini kwenye robo ekari inakulipa kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Halafu babu alipofariki, ekari zake mbili ziligawanywa kwa wana wanne. Fanya hesabu mwenyewe.

Sasa rudi dirishani, Borabu. Ardhi ile ilikuwa ya masetla, nje ya mpaka ambao wakoloni waliwachorea Abagusii. Miaka ya 1960 serikali iliinunua kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia na kuigawa kama sikimu. Haikuwa bure. Vile vipande vikubwa vilitaka uwe na pesa za kuanzia na uweze kubeba mkopo wa miaka mingi. Mwenye mshahara, duka au kahawa iliyokomaa alivuka. Babu aliambiwa na mwenzake wavuke pamoja. "Aliogopa deni," nyanya anasema, na hapo huwa anasonga ugali kwa nguvu kidogo. Wajukuu wa yule mwenzake wana ng'ombe wa maziwa kumi na mmoja. Nilisoma na mmoja wao. Yeye alimaliza chuo. Si mjanja kunishinda, na yeye mwenyewe anakubali.

Chumbani kwa nyanya kuna chandarua cha kliniki, kimetiwa dawa. Nilimweleza kwamba dawa hiyo ni mwigo wa maua yake, imetengenezwa kiwandani. Alikishika pindo, akakinusa, akakiachilia.

Siku hizi miche ya pareto inagawiwa tena, na wanunuzi ni zaidi ya mmoja. Nimemwomba nyanya anipe mistari miwili pembeni mwa chai nijaribu. Alinyamaza hadi chai ya kikombe ikapoa. Akauliza nani analipa, na baada ya siku ngapi. Nikamwambia nilichojua. Akakubali, kwa sharti kwamba safari hii kitabu kiandikwe jina lake.