Kanjo wa Kwenye Ini

Historia ya dawa tumezoea kusimuliwa kama hadithi ya mtu mmoja aliyevaa koti jeupe. Fleming na ukungu wake, basi, mambo kwisha. Hadithi ninayokuletea leo haina shujaa wa aina hiyo. Ina wakazi wa Dallas waliokubali kutolewa damu, akina mama wa Zimbabwe, watafiti wa Paris na Montreal, na jeni moja iliyoharibika. Kuharibika kwa jeni hiyo ndiko kulikoonyesha njia ya dawa mpya kabisa za moyo. Na mahali ilipopatikana imeharibika kwa namna hiyo mara nyingi zaidi ni ndani ya miili ya watu weusi.

Tuanze na mafuta. Kolesteroli husafiri kwenye damu ikiwa imefungwa ndani ya vifurushi, na vile vinavyoitwa LDL ndivyo madaktari hutuonya navyo. Kazi ya kuviondoa ni ya ini. Juu ya seli za ini kuna vipokezi, na ukitaka kuvielewa, fikiria matatu. Kipokezi kinambeba abiria LDL kutoka kwenye damu, kinamwingiza ndani ya seli, kinamshusha, halafu kinarudi stejini kubeba mwingine. Michael Brown na Joseph Goldstein waligundua mpango huu wakiwa Dallas, Texas, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Matatu zikiwa chache, abiria wanajaa barabarani. LDL inajipenyeza kwenye kuta za mishipa, miaka inapita, na siku moja damu inaganda hapo na kuziba njia. Ikiwa ni mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi.

Dawa ya kwanza ya maana ilitoka Japani. Mapema miaka ya 1970, Akira Endo alipima maelfu ya kuvu akitafuta kitu cha kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli, na akakipata. Mwaka 1987 statini ya kwanza ikaingia sokoni Marekani. Statini huinyima ini kolesteroli yake yenyewe, nayo ini, kwa njaa, inaweka matatu zaidi barabarani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwa limeeleweka. Mwaka 2003, Marianne Abifadel na Catherine Boileau wa Paris, pamoja na Nabil Seidah wa Montreal, walichunguza familia za Ufaransa ambazo kolesteroli yao ilikuwa juu ajabu kizazi baada ya kizazi. Wakapata tatizo kwenye jeni inayoitwa PCSK9. Kazi ya protini yake ilieleweka baadaye, na mimi naiita kanjo. PCSK9 inakishika kipokezi, na kikishaingia ndani ya seli hakirudi tena stejini. Kinapelekwa kuvunjwavunjwa. Kwa zile familia, kanjo alikuwa na bidii kupita kiasi. Matatu zilikuwa zinaisha barabarani.

Hapo ndipo Helen Hobbs na Jonathan Cohen, pia wa Dallas, walipoligeuza swali. Je, kuna watu ambao kanjo wao amelala?

Na hapa ndipo historia yenyewe ilipo. Utafiti maarufu zaidi wa moyo Marekani, ule wa Framingham, ulianza mwaka 1948 na watu 5,209, karibu wote wazungu. Kwa miongo mingi, tulichojua kuhusu moyo wa binadamu kilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye mioyo ya aina hiyo. Utafiti wa Dallas ulioanza mwaka 2000 ulipangwa tofauti. Waliuunda makusudi ili karibu nusu ya washiriki wawe watu weusi. Mwaka 2005 Hobbs na Cohen walitangaza walichokiona. Takriban 2 kati ya kila Wamarekani weusi 100 walikuwa na nakala moja ya PCSK9 isiyofanya kazi, na LDL yao ilikuwa chini kwa karibu asilimia 40. Kwa wazungu, mabadiliko hayo hayo yalikuwa nadra sana.

Mwaka uliofuata walitazama kumbukumbu za utafiti mwingine, uliokuwa umefuatilia watu kwa miaka 15. Watu weusi waliozaliwa na kanjo nusu walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyopungua kwa asilimia 88. Soma tena hiyo namba. Na hawa hawakuwa watu wa kula saladi na kukimbia asubuhi. Wengi walikuwa na presha, wengine walivuta sigara, wengine walikuwa na kisukari. Tofauti ni kwamba damu yao ilikuwa safi tangu siku ya kuzaliwa.

Lilibaki swali moja la kutisha. Ukimzima kanjo kabisa, je, mwili utadhurika? Jibu lilitoka kwa wanawake wawili. Mmoja wa Dallas, mweusi, alirithi jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. LDL yake ilikuwa 14, wakati ya watu wengi huzidi 100. Alikuwa mzima kabisa. Mwingine alipatikana kwenye utafiti wa wanawake wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2007, ambamo karibu 4 kati ya kila 100 walikuwa na mojawapo ya mabadiliko hayo ya Dallas. Yeye pia hakuwa na PCSK9 inayofanya kazi. Yeye pia alikuwa mzima. Kwa kampuni za dawa, hiyo ilikuwa taa ya kijani.

Mambo yakaenda mbio. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha kingamwili mbili, alirocumab na evolocumab, za kumkamata kanjo akiwa kwenye damu. Kisha ikaja inclisiran, kipande cha RNA kinachofuta amri ya kumtengeneza kanjo kabla hajazaliwa. Ukishamaliza dozi za mwanzo, ni sindano mbili tu kwa mwaka. Ulaya waliikubali Desemba 2020, Marekani Desemba 2021. Mwaka 2022, huko New Zealand, mgonjwa wa kwanza alipewa tiba ya kubadilisha herufi moja tu ya jeni ya PCSK9 ndani ya ini lake, ili abaki hivyo maisha yake yote. Toleo hilo la kwanza lilisimamishwa mwaka 2024 kwa sababu za usalama na lingine likachukua nafasi yake. Tazama kinachotafutwa, lakini. Wanasayansi wanahangaika kumpa mgonjwa kile ambacho yule mama wa Zimbabwe alizaliwa nacho.

Sasa tuongee pesa. Mwaka 2015 kingamwili hizo zilitangazwa kwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka. Kwa shilingi za wakati ule, kama milioni 1.4. Hata bima za Marekani zilikataa kulipa, na miaka michache baadaye bei ikakatwa hadi chini ya dola 6,000. Babangu humeza atorvastatini kila usiku, tembe tunazonunua kwa kemisti wa mtaani. Zinamsaidia, na namshukuru Endo. Nilipomweleza kuhusu sindano ya mara mbili kwa mwaka aliuliza swali moja tu: "Na hiyo ni ya watu wa wapi?"

Ningependa kumjibu kwamba tuliibiwa. Jibu la hivyo ni rahisi, na linasambaa haraka mtandaoni. Lakini si kweli. Watu wa Dallas waliombwa, wakakubali. Kuwekwa kwenye hesabu kulikuwa haki waliyonyimwa wengine kabla yao, na ona kilichotokea walipohesabiwa. Bado tuko nyuma sana kwa hilo: kufikia mwaka 2018, asilimia 78 ya watu waliokuwa kwenye tafiti za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Wa asili ya Afrika walikuwa asilimia 2.

Kinachoniuma ni kwamba kuhesabiwa kuliishia kwenye damu. Utafiti mkubwa wa evolocumab uliochapishwa mwaka 2017 ulikuwa na wagonjwa 27,564, na kama 85 kati ya kila 100 walikuwa wazungu. Jeni ilisomwa kwetu, dawa ikajaribiwa kwa wengine, bei ikapangwa kwa ajili ya wengine.

Kwa hivyo ukikutana na mtafiti kliniki, ana fomu na kichupa cha damu, usimkimbie. Damu yako inaweza kuwa na jibu ambalo dunia nzima inalitafuta. Ila soma ile fomu hadi mwisho. Halafu, kabla hujatia sahihi, muulize swali la babangu.